Kwato za Nzohe

Khaemba hakuwaamini wanyama wenye ngozi. Mnyama akiwa na ngozi yake, alisema, ni sawa na mtu aliyeazima koti la harusi: humjui mpaka alivue. Manyoya hudanganya, mafuta hudanganya, na macho ndiyo yanayoongoza kwa uongo. Mfupa haudanganyi kwa sababu hauna wa kumpendeza.

Alikuwa Mbukusu wa Chetambe, ule mlima mkali ulio karibu na maporomoko ya Webuye, na utoto wake aliumaliza kwenye miamba akichunga mbuzi. Alipoteremka Kisumu kutafuta kazi, Mzungu angali serikalini, aliipata machinjioni, na huko ndiko mifupa ilikomnasa. Wenzake walitupa miguu na vichwa kwenye lundo. Yeye aliinama akaviokota, akavigeuzageuza, akauliza mbona mguu wa fahali wa kulima ni mnene kuliko wa ng'ombe wa maziwa. Walimwona kichaa wa aina isiyodhuru. Siku moja akaja Mwalimu Gordon, aliyefundisha bayolojia katika shule moja ya sekondari hapo mjini, kuomba fuvu la ng'ombe la kufundishia. Khaemba akamuuliza kama hataki na ng'ombe mwenyewe. Haukupita muda mrefu kiunzi kizima cha ng'ombe kilikuwa kimesimama darasani, kimeunganishwa kwa waya wa shaba, na Khaemba alikuwa mfanyakazi wa shule.

Alipewa chumba kidogo nyuma ya maabara, na nje akaweka pipa lake la kuchemshia mifupa kwa maji ya magadi. Upepo wa ziwani ulipogeuka, harufu ya pipa ilifika mpaka kwa mwalimu mkuu, ambaye alifunga dirisha na kunyamaza kwa sababu wakaguzi walikuwa wamekisifu chumba hicho. Mwalimu alikuwa na vitabu, Khaemba alikuwa na mikono, na wote wawili walikuwa na ubishi, basi kazi ikaenda vizuri. Mfupa wa bawa la korongo ulikuwa mtupu ndani, mwepesi hata mtoto angeupeperusha kwa pumzi. Mfupa wa kiboko ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na Mwalimu alieleza kwamba uzito huo ndio unaomweka kiboko chini majini, akatembea sakafuni mwa ziwa kama mtu anayekwenda sokoni. Popo naye alikuwa na vidole virefu kuliko mikono yake, maana bawa lake lote ni kiganja tu kilichofunuliwa.

Wanafunzi walipenda kushika mguu wa nyuma wa ng'ombe na kusema goti lake limekunjwa kinyume.

"Hilo si goti," Khaemba aliwaambia. "Hicho ni kisigino. Ng'ombe anatembea kwa ncha za vidole maisha yake yote, kama mtu anayenyemelea sufuria ya nyama."

Jioni, huko Nyalenda alikopanga nyumba, alikuwa na ufundi mwingine uliompa heshima. Mbuzi wa Chetambe hujinoa kwato wenyewe kwenye mawe, lakini mbuzi wa Nyalenda walikuwa wakikanyaga udongo mweusi laini, na kwato zao zilirefuka zikajipinda kama viatu vya zamani. Majirani walimletea, naye akazikata kwa kisu na kuzisawazisha kwa tupa, huku akiwasimanga wenye mbuzi. Kwato ndefu, alisema, ni ugonjwa wa uvivu. Aliamini hivyo kabisa, na mtu akishaamini jambo alilojifunza utotoni huwa vigumu kumtoa.

Kisha ikaja ile mvua iliyoanza karibu na Uhuru na kukataa kuondoka. Ziwa lilivimba. Lilimeza mashamba ya mwambaoni, likaingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi, na wavuvi wakafunga mitumbwi yao kwenye miti iliyokuwa katikati ya viwanja vya mahindi. Chetambe hakukuwa na ziwa la kupanda, lakini mvua ile ile ilibomoa ukuta wa nyumba ya Nabututu, mama yake Khaemba.

Nabututu alikuwa mjane aliyekula chumvi nyingi, na kati ya wanawe wa kiume Khaemba ndiye aliyebaki hai. Pale mlimani alibaki yeye na mke mwenza wake, Nakhungu, ambaye walikuwa wakigombana tangu mwaka wa nzige. Khaemba aliposikia ukuta umeanguka alipanda basi, akamkuta mama yake akilala jikoni kwa Nakhungu, akafunga vitu vyake kwa kanga na kumleta Kisumu. Hakumuuliza sana. Mtoto mwema akimwona mama yake ananyeshewa haulizi, humtoa mvuani, na Khaemba alitaka kwa moyo wake wote kuwa mtoto mwema.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kulala. Kwa Wabukusu mzazi halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, wala mwana mtu mzima halali nyumbani mwa mama yake. Mjini watu wengi walikuwa wakifumba macho kwa sababu ya vyumba, lakini Nabututu hakuwa mtu wa kufumba macho. Basi Khaemba alimpangia chumba kwa jirani, Seline, mjane Mjaluo aliyefuma mikeka ya mafunjo, na kila siku mkewe, Nasipwondi, alivuka ua na sahani ya chakula. Seline alikuwa mwema. Ila alijua Kijaluo na Kiswahili cha Kisumu, na Nabututu alijua Kibukusu tu. Asubuhi Seline alisema "Oyawore," Nabututu akajibu "Mulembe," na mazungumzo ya siku yakawa yamekwisha.

Shida ya pili ilikuwa kutembea. Nabututu alitembea akiwa ameinama mbele, akiinua magoti juu, kama kwamba kuna mlima umesimama puani mwake. Nyalenda ni tambarare kama sinia. Watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakiigiza, na Khaemba aliwafukuza kwa mawe, lakini moyoni yeye mwenyewe aliona aibu, na kuona aibu huko kulimuudhi. Matope meusi yalimshika miguu mama yake na kuiachia bila taarifa. Alianguka mtaroni. Alianguka tena kwenye njia ya kisima.

"Ni miguu mitupu," Khaemba alimwambia mkewe. "Mjini mtu hatembei peku." Akaenda mjini akarudi na viatu vyeusi vya kufunga kamba, vigumu, vinavyong'aa, akapiga goti mbele ya mama yake na kumvisha mwenyewe. Ilibidi asukume kidogo. Nabututu alivitazama, akamtazama mwanawe, akacheka, akasema ni vizuri sana.

Kuanguka kwa tatu kulikuwa barabarani, mbele ya baiskeli, akiwa amevaa viatu hivyo. Alivunjika kifundo cha mkono. Hospitalini walimfunga plasta, na tangu hapo Nabututu akaacha kutembea. Alikaa kwenye mkeka mlangoni kwa Seline toka asubuhi hadi jua lilipozama, viatu miguuni. Aliacha kula samaki, kisha akaacha kula ugali, akawa anakunywa uji kwa ajili ya kumpendeza Nasipwondi tu. Khaemba, ambaye kazi yake ilikuwa kuona mifupa, alianza kuiona ya mama yake mabegani, na iliogofya.

"Khaemba," alimwambia Jumapili moja, "nirudishe."

"Kwa nani, Mayi?"

"Kwa Nakhungu."

"Nakhungu humpendi."

"Simpendi. Lakini nikimtukana anaelewa."

Khaemba alikataa. Alisema mlimani hakuna wa kumtazama, nyumba imeanguka, na mama wa Khaemba hawezi kuishi peke yake kama mchawi. Alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia.

Ilikuwa katika siku hizo nzohe, swala wa majini, alipoletwa. Oduor, kakake Seline, alikuwa mvuvi huko Kusa, upande wa mto Sondu unapoingia ziwani, na maji yaliyopanda yalikuwa yamemletea vitu vya ajabu nyavuni. Kimoja kilikuwa nzohe huyo, dume mwenye manyoya marefu ya kahawia, aliyenaswa na kufa maji kwenye mafunjo. Oduor na wenzake walikula nyama, kisha akakumbuka jirani wa dada yake anayechemsha mifupa, akamletea kichwa, miguu na mifupa mingine kwenye gunia.

Khaemba alifurahi kama mtoto. Hakuwa amewahi kushika mfupa wa nzohe. Alichemsha, akasugua, akaanika juani, akapanga mbavu kwa zamu yake. Kila kitu kilikubali isipokuwa miguu. Kwato zilikuwa ndefu ajabu, kila moja karibu urefu wa kiganja, na vidole vyenyewe vilitaka kuachana, kimoja huku na kingine kule. Khaemba alizitazama kwato zile na akajua mara moja ni nini. Alikuwa ameziona mara nyingi Nyalenda. Mnyama huyu, alisema moyoni, amekaa kwenye matope bila jiwe la kujinolea, maskini, na hakuna mtu aliyemhurumia.

Basi akamhurumia. Alichukua msumeno wa chuma akakata ncha za kwato, akazisawazisha kwa tupa, kisha akavibana vidole viwili viwili kwa waya mpaka vikashikana. Alipomaliza, nzohe alisimama na miguu midogo, mizuri, kama mbuzi wa Chetambe. Mwalimu Gordon, ambaye alikuwa mtu wa Gem, nchi kavu, naye alimjua nzohe kwa jina tu, alimzunguka na kumsifu fundi. Nzohe akawekwa mahali pa mbele, karibu na dirisha.

Mvua ilipopumua kidogo, Mwalimu alitaka kiunzi cha kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye Mungu hakuamua upesi amweke wapi, na Khaemba akaenda Kusa kumtafuta. Oduor alimpakia kwenye mtumbwi wake. Walipita juu ya mashamba yaliyozama, vichwa vya mtama vikitokeza majini, kisha wakaingia katikati ya mafunjo yaliyokuwa marefu kuliko nyumba. Khaemba hakuipenda safari hiyo. Mtu wa mlimani akiwa mtumbwini hushika kingo zote mbili kama kwamba yeye ndiye anayeuzuia usipasuke, na Oduor aliliona hilo akacheka kimyakimya.

Ndipo Oduor akainua mkono. Mbele yao, juu ya zulia la mafunjo yaliyolala yakielea, alikuwa nzohe. Jike, akila machipukizi. Khaemba alimtazama miguu, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Mnyama alipiga hatua, na kwato zake ndefu zilifunguka. Zilifunguka kama vidole vya mtu anayeweka kiganja chini kwa uangalifu, na zulia lilididimia kidogo, likambeba. Akapiga hatua nyingine. Zulia likadidimia, likambeba. Alikuwa akitembea juu ya maji, bila haraka, akitafuna.

Khaemba hakuweza kuvumilia. Alitaka kuona karibu, akainuka, akakanyaga mafunjo yale yale. Hayakumbeba hata kwa adabu. Alizama mpaka kiunoni, akabaki ameshika shina la funjo kwa mikono miwili na kumwita Oduor kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Wewe Bwana," Oduor alisema akimvuta kwa upondo, "hiyo si nyasi ya kwenu Bungoma. Hapa mguu yako ni fupi sana."

Walipokuwa wakihangaika, jike lile lilishtuka likakimbilia upande wa nchi kavu, kwenye tuta la barabara ambalo maji yalikuwa bado hayajalifikia. Hapo Khaemba aliona jambo ambalo hakulitarajia. Nzohe alipofika kwenye ardhi ngumu alianza kuyumba. Kwato zile zile zilizombeba juu ya maji ziligongana na mawe, zikateleza, akajikwaa, akapiga magoti, akainuka tena kwa taabu ya kumtia mtu huruma, ameinamisha shingo mbele.

"Ukimpata hapo juu, hata mtoto atamshika," Oduor alisema. "Hiyo mguu yake si ya huko. Akirudi kwa maji, hakuna mtu anaweza yeye."

Khaemba alishika tena kingo za mtumbwi. Aliwaza kwanza nzohe wake, yule wa dirishani, mwenye kwato za mbuzi, na uso ukamwaka. Hata hivyo hiyo ilikuwa aibu ya kazi, na aibu ya kazi mtu huilala ikapita. Ile nyingine ilikuja pole pole, mtumbwi ukiwa umegeuka kurudi, nayo haikuwa ya kazi. Yule mnyama anayeyumba juu ya tuta, ameinama mbele, alikuwa amemwona mahali. Alimwona kila siku barabarani Nyalenda, akifuatwa na watoto.

Alifika nyumbani nguo zikiwa bado na matope. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Seline, akapiga goti mbele ya mkeka kama siku ile ya kwanza, akafungua kamba za viatu vya mama yake na kuvivua.

Miguu ya Nabututu ilikuwa mipana. Vidole vilikuwa vimetawanyika tangu usichana, kidole gumba kimesimama mbali na wenzake, nyayo ngumu kama ngozi ya ngoma. Miaka yote ile ya kupanda na mtungi kichwani, kushika mwamba kwa vidole, kuinama ili mlima usimtupe nyuma, ilikuwa imeandikwa hapo, na mwanawe, msomaji wa miguu ya kila kiumbe, hakuwa ameisoma. Pembeni mwa vidole kulikuwa na vidonda.

"Vilikuwa vinabana?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema, Mayi?"

Nabututu alikunjua vidole vyake taratibu, akivipa hewa. "Ulivinunua kwa furaha," alisema.

Khaemba alilia. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na alilia akishika mguu wa mama yake mlangoni kwa jirani, na Seline akaingia ndani na kuanza kugongagonga vyombo ili wasijue amewaona.

Asubuhi yake alikwenda shuleni, akakata waya zote za miguu ya nzohe, akavitawanya vidole kama alivyoviona kule Kusa. Ncha zilizokatwa hazikuwa na dawa. Mwalimu Gordon alipoelezwa alicheka kwanza, kisha akaacha, akasema wamwache hivyo hivyo dirishani mpaka apatikane mwingine. Hakupatikana mwingine. Miaka ya sabini ilimkuta nzohe yule bado amesimama pale na kwato zake fupi, na Khaemba akiwaonyesha wanafunzi mahali msumeno ulipopita, kwa kidole na bila mzaha.

Kumrudisha mama ndilo lilikuwa jambo gumu. Walubengo, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Wabukusu wa Kisumu, mtu mwenye tumbo na maneno ya haki, alikuja mwenyewe nyumbani.

"Watu watasema umemtupa," alisema. "Mzee mwenye mtoto mmoja, mtoto ana mshahara, halafu mama anaishi peke yake juu ya jabali. Akianguka huko, nani atamwokota? Na akifa, sisi tutasimama kaburini tuseme nini?"

Khaemba alijua maneno yale yalikuwa ya kweli. Akimrudisha mama yake akafa peke yake, hatanyanyua uso mbele ya Wabukusu wenzake mpaka naye azikwe. Akimweka Kisumu, atamwona akiisha pale mkekani, mbele ya macho yake, akiwa ametunzwa vizuri. Alitazama upande wa mkewe.

"Baba Wakhisi," Nasipwondi alimwambia mumewe, "mimi ndiye ninayempelekea sahani na kuirudisha. Sahani inarudi imejaa."

Walubengo aliondoka akitikisa kichwa. Shule ilipofungwa Agosti, Khaemba alitangulia Chetambe, akajenga upya nyumba ya mama yake pamoja na watu wa ukoo, ukuta mnene, mlango ukiutazama mlango wa Nakhungu. Wazee walimuuliza kama hataweka na nguzo za nyumba yake mwenyewe, maana kibanda chake cha ujana kilikuwa kimeoza zamani. Alisema haraka hakuna, yeye ana nyumba Kisumu. Kwa Nakhungu alikwenda na sukari na unga, akamwomba. Nakhungu alivipokea, akasema yule mwanamke ana mdomo mchafu, na kwamba amrudishe upesi.

Walipanda basi la Kakamega asubuhi, Khaemba na mama yake, plasta ikiwa imekwisha kutolewa. Nabututu alikuwa mwepesi mpaka ukimshika mkono unaogopa. Chini ya mlima kulikuwa na vijana waliokuwa wameandaa machela ya miti, kwa mpango wa Khaemba.

"Ya nani hiyo?" Nabututu aliuliza.

"Yako, Mayi. Ni mbali."

"Mimi nimekalishwa vya kutosha kama maiti. Wape kanga yangu wabebe."

Akaanza. Hatua za kwanza, pale bado ni tambarare, alikuwa Nabututu wa Nyalenda, akiinua magoti kwa kitu kisichokuwapo, na Khaemba alimfuata nyuma mikono wazi, tayari kumdaka. Alikuwa akijilaani. Akilini alimwona Walubengo amesimama kando ya kaburi, akikohoa kabla ya kusema.

Kisha njia ikainuka. Khaemba alikuwa anatazama miguu, basi aliona yote. Vidole vilishika jiwe. Magoti yaliyokuwa yakichekesha watoto yalikutana na kipandio kimoja baada ya kingine, kila kimoja mahali pake. Ule mwinamo wa mgongo, ambao mjini ulimfanya aonekane kama mtu anayeanguka, sasa ulilingana na mwinuko wa mlima. Hakwenda haraka. Alipumzika mara nyingi, kifua kikipanda na kushuka, mkono kiunoni. Lakini mguu wake haukukosea hata jiwe moja.

Aliyekosea alikuwa Khaemba. Soli za viatu vyake ziliteleza. Mapaja yaliwaka moto. Miaka ya sakafu ya saruji na njia za tambarare ilikuwa imemfanyia kazi yake bila kumwambia, na mahali alipokuwa akikimbia na mbuzi, sasa alipita kwa kushika vichaka. Vijana waliobeba kanga walimpita wakasema pole, Mzee. Mama yake alikuwa mbele, kisha mbele zaidi, kisha kwenye kona akageuka na kumngoja.

"Pole pole," alimwambia kutoka juu. "Mlima hauendi popote."

Nakhungu alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, akijifanya ametokea tu. Wanawake wale wawili walitazamana.

"Umekonda," Nakhungu alisema.

"Nawe bado mbaya," Nabututu akajibu, na sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo Khaemba hakuwa ameisikia tangu mvua.

"Na huyo nyuma yako anayepumua kama mvukuto ni nani?"

"Mgeni. Ametoka ziwani. Mletee maji."

Khaemba alitaka kucheka lakini hakuwa na pumzi. Alikaa kwenye jiwe lile lile alilokuwa akikalia utotoni akihesabu mbuzi, akavua viatu. Vidole vyake vilikuwa laini na vyeupe kwa jasho, vimebanana, vimelala kimoja juu ya kingine. Aliona mama yake anavitazama. Hakuvificha.

Jua lilikuwa limeanza kwenda upande wa Uganda. Nabututu aliingia nyumbani mwake, akagusa ukuta, akatoka, akazungusha macho uani: nyumba yake, nyumba ya Nakhungu, na pale palipokuwa na kibanda cha mwanawe, ambapo Nakhungu alikuwa amepanda maharagwe. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Na wewe, mwanangu," aliuliza, "utalala wapi?"

Khaemba alitazama maharagwe. Kwa mama yake hangeweza kulala, wala kwa Nakhungu, ambaye kwa desturi ni mama vilevile, na paa jingine pale uani halikuwapo.

"Nitawahi basi la jioni, Mayi."

Nabututu alitikisa kichwa kukubali. Aliokota viatu vya mwanawe, akavikung'uta vumbi, akamkabidhi. "Basi shuka pole pole," alisema. "Mlima huu haukujui tena."

Alivaa viatu, akaanza kushuka akishika vichaka, na nyuma yake, hata kabla hajafika kwenye kona, alisikia wanawake wale wawili wameanza kugombana.